Hugh Tracey, muzungu aliyekamata sauti za watumikaji

Mutu aliyekomalia ku Likasi, ku Kolwezi ao ku Lubumbashi anajua gitare ya Jean-Bosco Mwenda, yule tunaita Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake Masanga, hata leo, wazee wakisikia vile vidole viwili vinatembea juu ya nyuzi, wananyamaza kwanza. Lakini watu wachache wanajua jina la yule aliyetia wimbo ule mu disiki. Aliitwa Hugh Tracey. Alikuwa Muingereza, aliishi karibu maisha yake yote mu Afrika, na alikufa mwaka 1977. Hakuna mutu mwingine wa wakati wake aliyekusanya sauti za Afrika mingi sawa yeye.

Tunaelezea maisha yake mu ukurasa huu wa watumikaji, kwa sababu maisha yale yaliingia mu mine tena na tena: mu nyimbo alizosikia, mu vitabu alivyoandika, na mu feza iliyomulipia kazi. Na ndani ya maisha yake kuna swali moja ambalo sisi wa sindika hatuwezi kulipita. Mutumikaji anauza nguvu za mikono yake kwa mushahara. Je, sauti yake, inauzwa na nani?

Tracey alizaliwa mwaka 1903 mu jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Hakuwa na diploma ya muziki. Ndugu yake mukubwa, Leonard, alikuwa ameumizwa mu vita vya kwanza vya dunia, na kiisha vita alipewa shamba mu Rodezia ya Kusini, njo Zimbabwe ya leo. Tuseme ukweli: udongo ule ulikuwa wa watu weusi mbele haujakuwa wa askari wa Uingereza. Hugh alimufuata ndugu yake kule mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kulima tumbaku.

Mu shamba lile alitumika pamoja na Wakaranga, ambao ni tawi moja la Washona. Wazungu wengi wa Rodezia walijifunza maneno ya kuamuru tu: leta, beba, fanya mbio. Tracey alijifunza luga yenyewe. Na alipoelewa luga, akaanza kuelewa nyimbo. Kwa muzungu mwingine, watu waliokuwa wanaimba mu tumbaku walikuwa wanapiga kelele ili siku iishe mbio. Yeye alisikia kwamba wimbo unapanga kazi: mumoja anaanzisha, wengine wanaitika, na jembe linaanguka pale sauti inaanguka. Wazee wetu waliobeba reli na kusukuma vigari vya madini wanajua jambo hili bila kufundishwa na mutu. Chuma kizito hakinyanyuki kama kila mutu anavuta kwa saa yake.

Wakati ule wamisionere wengi na wakubwa wa koloni walisema muziki wa Afrika ni mambo ya kipagani, haina mpango. Tracey aliona kinyume. Mwaka 1929 kampuni ya disiki ya Columbia ilikuwa imeleta mashini zake Johannesburg. Tracey alichukua vijana 14 wa Kikaranga, akasafiri nao mpaka kule, wakaimba mbele ya mashini. Zilikuwa disiki za kwanza za muziki wa wenyeji wa Rodezia ya Kusini. Toka siku ile mpaka kufa kwake hakuacha kazi hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alienda London, akaonyesha disiki zile kwa watungaji wawili wakubwa wa muziki wa Uingereza, Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams. Wote wawili walimupa moyo. Shauri lao lilikuwa wazi: kazi ya kupima na kueleza itakuja nyuma, ya kwanza ni kutafuta muziki ule na kuukamata mbele haujapotea. Alipata musaada wa feza ya shirika la Carnegie, akarudi Rodezia, akazunguka vijiji na mashini ya kukata sauti ku disiki za aluminiumu.

Lakini kukamata nyimbo hakulishi mutu. Ilibidi atafute kazi yenye mushahara, na kazi ile aliipata ku radio ya Afrika ya Kusini. Kuanzia 1936 mpaka 1947 aliongoza studio ya radio ya Durban. Mu miaka ile njo alikutana na watu waliobadilisha fikiri yake yote: Wachopi wa Msumbiji.

Wachopi wanakaa upande wa Zavala, ku kusini ya Msumbiji, karibu na bahari. Wanapiga timbila, njo malimba makubwa, mbao zimepangwa juu ya vibuyu. Hawapigi moja moja. Wanakaa safu kwa safu, timbila ndogo na kubwa, za sauti ya juu na za sauti nzito, na wachezaji wanasimama mbele. Wimbo wao ni mrefu, una sehemu mingi, kila sehemu na jina lake na mwendo wake, na kila kundi lina mutungaji anayejulikana. Tracey alikaa na wawili kati ya watungaji wale, Katini na Gomukomu. Aliandika maneno yao, akapima sauti za mbao zao kwa uma za chuma zenye sauti inayojulikana, zile alibeba safari zote. Akaona jambo la ajabu: mafundi wale, kwa masikio yao tu, bila mashini, walikuwa wamegawanya ngazi ya sauti kwa hatua saba zilizo karibu sawasawa. Matokeo aliyaandika mu kitabu kilichotoka mwaka 1948, Chopi Musicians.

Kitabu kile kinasomwa mpaka leo, na sisi watumikaji tuna sababu yetu ya kukipenda. Ndani yake nyimbo hazikuandikwa sawa sauti tupu. Maneno yake yamo, na maneno yale yanasema mambo ya watu: kodi, wakubwa wa kijiji wanaokula haki, utawala wa Waportugali, watu walioenda Johannesburg na kuacha nyumba. Mutungaji wa Kichopi alikuwa anasema hadharani, na timbila nyuma yake, jambo ambalo mutu wa kawaida angefungwa kwa kulisema. Mwaka 2005 UNESCO iliweka timbila ya Wachopi kati ya urizi wa watu wote wa dunia.

Sasa tuingie mu mine. Kwa nini mutu aliyetafuta Wachopi aliwakuta pia Johannesburg? Kwa sababu wanaume wao walikuwa chini ya udongo. Mine za zahabu za Witwatersrand zilikuwa zinachota watu toka Msumbiji, Lesotho, Malawi, Transkei na mahali pengine. Walikuja kwa mkataba, bila bibi, bila watoto, wakalazwa mu kampi za wanaume tupu, na mara nyingi wakapangwa kwa kabila. Hapa kwetu Katanga, Union Minière iliona toka mwisho wa miaka ya 1920 kwamba mutumikaji anayekaa na jamaa lake anadumu zaidi ku kazi. Njo maana kampi zetu zilikuwa na bamama, masomo na dispanseri. Kule Rand, hapana. Mutu alimaliza mkataba, akarudi kwao, mwingine akachukua nafasi yake.

Siku ya Mungu, watu wale walicheza. Wachopi walileta timbila zao, Wazulu, Wasotho, Wapondo, Washangani, kila watu na ngoma yao. Wakubwa wa mine walipenda ngoma hizi. Mutu anayecheza hapigani, na mutu anayecheza hafanyi mukutano. Mu miaka ya 1940 Tracey alichora mpango wa uwanja wa ngoma ku mine ya Consolidated Main Reef: nusu ya duara, watazamaji upande mumoja, wachezaji mbele yao. Wazungu wa muji walikuja kukaa na kutazama, na kiisha watalii pia. Mwaka 1952 akatoa kitabu chenye picha juu ya ngoma za mine za zahabu, African Dances of the Witwatersrand Gold Mines.

Hapa inafaa tuweke mambo mawili pembeni mwa mambo mawili. Mu Agosti 1946, kati ya ujenzi wa viwanja vile na kutoka kwa kitabu kile, watumikaji weusi zaidi ya 60,000 wa mine za zahabu waligoma. Sindika yao, iliyoongozwa na J.B. Marks, ilikuwa inaomba shilingi 10 kwa siku. Polisi waliingia mu kampi na mu mashimo, watu wasiopunguka 9 walikufa, mgomo ukavunjwa. Na kwa mushahara, ukipima kwa vitu feza inaweza kununua, mutumikaji mweusi wa zahabu mwaka 1969 hakuwa anapata kupita yule wa mwaka 1911. Ni miguu ileile: siku ya Mungu inapigiwa makofi, siku ya kazi ikisimama kudai, inapigwa risasi.

Hatusemi Tracey alipiga mutu. Aliwapenda wachezaji, aliwaheshimu, alisema na kuandika kwamba kazi yao ni sanaa ya kweli wakati wazungu wenzake waliicheka. Tunasema tu kwamba uwanja alioupanga ulikuwa uwanja wa mwenye mine.

Mwaka 1947 aliacha radio. Eric Gallo, mwenye kampuni kubwa ya disiki ya Johannesburg, alikubali kulipia safari zake. Gallo alitaka disiki za kuuza. Tracey alitaka muziki wa kuchunga. Wakakubaliana: kila safari italeta yote mawili. Mwaka 1948 alianzisha chama, African Music Society, pamoja na Winifred Hoernlé, mwalimu wa mambo ya mila. Chama kile kilitoa gazeti lake, na kuanzia 1954 likaitwa African Music. Linatoka mpaka sasa.

Basi akaanza kutembea. Alipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland, Rodezia zote mbili, Msumbiji, Rwanda, Congo. Alisafiri na gari lililobeba mashini na jeneretere. Ili kelele ya jeneretere isiingie mu sauti, aliiweka mbali na kuvuta waya mrefu. Mikro hakuisimamisha pahali pamoja. Aliishika mukononi, akatembea nayo katikati ya wapigaji, karibu na ngoma, kiisha karibu na mwimbaji, sawa mutu anayeshika taa mu shimo na kuangaza pale kazi inafanyika. Disiki za wakati ule zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kwa upande, kwa hiyo aliwaonyesha wapigaji kwa mukono wakati wa kuanza na wa kumaliza. Ngoma ambayo kijijini inakesha usiku ilibidi iingie mu dakika tatu. Lakini kwa kila wimbo aliandika karatasi: pahali, luga, jina la mupigaji, chombo, namna chombo kimefungwa sauti, na wimbo unasema nini. Mutu wa ofisi ya mine anajua thamani ya karatasi. Bila karatasi, mutumikaji aliyetoa miaka 30 anakuwa sawa hajafika kazini hata siku moja.

Tutoe mifano. Mwaka 1950, ku Kenya, alikuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya mutu mumoja waliyemuita Chemirocha. Ilikuwa jina la Jimmie Rodgers, mupiga gitare wa Marekani, ambaye disiki zake zilikuwa zimefika mpaka kule. Wale wasichana walikuwa wamemugeuza kuwa kiumbe nusu mutu nusu nyama wa pori. Mwaka 1952, ku Rwanda, alikamata ngoma za Mwami. Ku Uganda alikamata muziki wa jumba la Kabaka wa Buganda. Mu 1961 ufalme wa Rwanda uliondolewa. Mu 1966 askari wa Obote walishambulia jumba la Kabaka ku Mengo, ngoma za kifalme ziliharibiwa na wapigaji walitawanyika. Wale waliotaka baadaye kujifunza tena muziki ule walikuwa na disiki za Tracey za kusikiliza. Kazi yake, angalau kwa upande huu, haina wa kuibishia.

Mwaka ule wa 1952 njo alifika kwetu. Jadotville, njo Likasi ya leo, ilikuwa muji wa Shituru na wa Panda, muji wa shaba na kobalti. Ilikuwa imepita miaka 11 toka mgomo wa Desemba 1941, wakati askari walipiga watumikaji risasi na Léonard Mpoyi akauawa ku Elisabethville. Watu walikuwa wanazungumza polepole juu ya mambo yale, lakini kuimba waliimba. Gitare zilikuwa zimeingia mu kampi. Kijana alinunua gitare kwa mushahara wake, akapiga jioni mbele ya nyumba, kwa Kiswahili, Kisanga, Kiluba, Kibemba, kwa sababu mu kampi moja luga zote zilikuwa zinapika jikoni moja.

Mu njia ya muji ule Tracey alimukuta Mwenda, kijana wa karibu miaka 22, muzaliwa wa Bunkeya. Alikuwa anapiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini mutu akifumba macho angesema ni watu wawili. Sauti nzito inashika mwendo wake, sauti ya juu inaenda kinyume, na katikati mwimbaji anasema maneno yake taratibu, sawa haoni vile vidole vinafanya. Tracey alimurekodi pale pale Jadotville. Gallo akauza disiki. Masanga ikapata zawadi ya kwanza ya mashindano ya chama cha Tracey. Mwenda akajulikana Nairobi, ambako alienda kukaa kwa muda, na wapiga gitare wengi wa Kenya walimufuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Rycroft, mwalimu wa London, aliandika wimbo wake nota kwa nota mu gazeti la chama, ili wasomi wa muziki waone namna vidole viwili vinafanya kazi ya vinne. Mwenda alikufa mu aksida ya gari ku Zambia mwaka 1990.

Tracey alirudi Congo mwaka 1957, akakamata muziki wa Waluba na wa Wakanyok, ngoma, malimba na kisanji. Kisanji chenyewe, kile kidogo cha kupiga na vidole gumba, alikipenda kupita vyombo vyote. Mwaka 1954 alianzisha karakana ya kutengeneza kimoja chenye sauti zilizofungwa namna ya piano, akakiita kalimba, akakiuza Ulaya na Marekani. Leo watoto wa New York wanapiga kalimba bila kujua kwamba mu vijiji vyetu kilikuwa rafiki wa mutu anayesafiri kwa miguu.

Mwaka uleule wa 1954 alifungua nyumba kubwa ya kazi yake, International Library of African Music, ku Roodepoort, mu eneo la zahabu karibu na Johannesburg. Feza ilitoka kwa shirika la Nuffield la Uingereza, na sehemu ingine ilitoka kwa makampuni ya mine. Toka pale alitoa disiki 210 mu safu aliyoiita Sound of Africa, sauti za watu toka Congo mpaka bahari ya mashariki na mpaka kusini kabisa. Universite ya Cape Town, mwaka 1965, ilimupa heshima ya dokta, yeye ambaye hakukaa ku banki ya masomo ya muziki.

Sasa tuseme pale tunasimama mbali naye. Tracey aliamini kwamba kila kabila lina muziki wake safi, na kwamba muji unauharibu. Muziki wa kuchanganya, wa baa na wa orkestra, mara nyingi aliuona sawa ugonjwa. Mu Afrika ya Kusini ya apartheid, kuanzia 1948, serikali ilikuwa inatafuta sababu za kutenga watu kabila kwa kabila, na mawazo ya namna hii yaliwafurahisha wakubwa. Mine pia zilikuwa zinapanga kampi kwa kabila, kwa sababu watu waliotengwa hawaungani kwa urahisi kudai mushahara. Sisi wa mine tunajua kwamba kampi inachanganya watu, na mule ndani ya kuchanganya njo mulizaliwa gitare ya Katanga, na mulizaliwa sindika pia. Kama Mwenda angebaki safi namna Tracey alitaka muziki ubaki, Masanga isingekuwako. Na mikro ya Tracey ilikuwa na masikio mazuri kupita mawazo ya mwenyewe, sababu ilisimama mbele ya gitare ile na kuikamata.

Jambo la pili ni la haki. Jina la Tracey liko juu ya disiki zote. Majina ya wapigaji yako pia, na tunamushukuru kwa hiyo, lakini pengine imeandikwa jina moja na kundi lake, na kundi ni watu. Nyimbo zilisafiri, zikauzwa, zikasomwa mu universite za inchi za mbali, na vijiji vingi vilivyoimba havikusikia tena sauti yao kwa miaka zaidi ya 50. Mutu aliyetoa shaba alikuwa na karatasi ya mushahara, hata kama mushahara ulikuwa kidogo. Mutu aliyetoa wimbo, mara nyingi, alibaki na kumbukumbu ya muzungu mwenye waya mrefu.

Hugh Tracey alikufa mu Oktoba 1977. Mwana wake Andrew, ambaye mwenyewe alikuwa mupigaji wa timbila na wa mbira, aliendesha kazi. Mwaka 1978 alihamisha nyumba ile ya disiki mpaka Grahamstown, ku universite ya Rhodes, na iko kule mpaka leo, na disiki, karatasi, picha na vyombo. Andrew alikufa mwaka 2024. Mu miaka ya karibuni watu wa nyumba ile wameanza kurudisha sauti kwa wenyewe. Mwaka 2014 walienda Kenya kwa Wakipsigis na nyimbo za mwaka 1950, na mu vijiji vile bado walikutana na watu waliokumbuka siku Tracey alikuja. Tunaomba siku moja gari kama lile lifike pia Likasi na Bunkeya, na mu vijiji vya Waluba na vya Wakanyok.

Lakini haifai kungoja gari. Mwaka 1952 mashini ya kukamata sauti ilihitaji lori na jeneretere. Leo kila kijana krezeri ana telefone mufukoni inayofanya kazi ile. Mu kampi zetu kuna wazee waliotumika chini ya Union Minière na chini ya Gécamines, na wanabeba nyimbo za kazi, za kilio, za karindula, na za mgomo zisizo mu disiki yoyote. Kila mwezi tunazika mumoja.

Basi sisi wa sindika tunaomba jamaa zote zifanye hivi. Muulize muzee kwanza kama anakubali, na mwambie sauti itaenda wapi. Mukamate anavyoimba, usimukate kwa dakika tatu. Kiisha andika ku karatasi: jina lake lote, jina la baba yake, kijiji, kampi, kazi aliyofanya na mu siege gani, luga ya wimbo, nani alimufundisha, mwaka gani, na wimbo unasema nini. Andika majina ya wote walioitika, sio mwanzishi peke yake. Weka kopi mbili, moja kwa jamaa, moja mahali pengine. Na kama mutu anakuja kununua ao kutia wimbo ule mu biashara, kumbuka kwamba inchi yetu iko na sheria ya 5 Aprili 1986 inayochunga haki za mutungaji. Mutungaji wa kampi ni mutungaji sawa mwingine.

Ku mikutano yetu ya sindika, toka mwezi ujao, tutaacha nusu saa ku mwisho kwa kazi hii. Leteni wazee. Telefone tutakuwa nazo, daftari pia.